UZI: Daktari wa dharura anapoishiwa moyo wa kazi. Tuongee rosta, vitanda na maana, siyo semina za kuvuta pumzi

#1 Zamu_ya_Usiku (mleta mada)

Wakuu, mwangaluka.

Kila mada ya madaktari wa dharura kuchoka ikiletwa, majibu huwa mawili: "waongezwe posho" au "kazi hiyo ni wito, vumilieni". Kuna kitu katikati kinarukwa. Uzi huu ni wa wanaofanya kazi EMD (idara za magonjwa ya dharura) za Kanda ya Ziwa, kuanzia rufaa ya kanda pale mlimani Bugando hadi hospitali za wilaya na visiwani, pamoja na wanaozisimamia. Tusilete visa vya "mimi siku moja". Tulete kinachofanyika, kwa namba, na kinapoharibikia.

Kwanza tujue tunaongelea nini. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha ya magonjwa toleo la 11, limeuweka uchovu sugu wa kazi kama hali itokanayo na kazi. Halikuuita ugonjwa. Una sura tatu: nguvu kuisha, ganzi au kejeli kwa kazi na watu wake, na kujiona hufanyi lolote la maana. Mtu akilala siku 2 akaamka mzima, huyo alikuwa amechoka tu. Mwenye uchovu sugu anarudi kutoka likizo na zamu ya kwanza tu inamrudisha palepale alipokuwa, kwa sababu kilichomchosha kilikuwa kinamsubiri mlangoni.

Hoja yangu ni kwamba damu siyo inayommaliza daktari wa dharura. Aliyechagua EMD alijua kuna ajali za bodaboda, mtoto wa selimundu aliyeishiwa damu, mvuvi anayetapika damu kwa sababu kichocho kimeharibu mishipa ya ini. Hayo aliyasomea. Kinachommaliza ni saa anazokaa akijua la kufanya huku hawezi kulifanya: stripu za sukari zimeisha, kitanda hakuna, ndugu wametumwa dirishani kulipa. Halafu mgonjwa anapelekwa wodini na daktari hajui kamwe kama alipona. Unafanya kazi ya mwanzo wa hadithi maisha yako yote, mwisho wanausoma wengine.

Taaluma yenyewe bado changa kwetu. Idara kamili ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mafunzo ya ubingwa yakaanza mwaka huohuo. Kwa hiyo mambo mengi bado yanaweza kupangwa upya. Karibuni.

#2 Mzee_wa_Rosta

Mkuu umeanza vizuri, ila mimi naanzia chini zaidi, kwenye hesabu. EMD nyingi zinajadili maana ya kazi wakati rosta yenyewe haiwezekani hata kwa hesabu za darasa la 4.

Chukua EMD inayotaka madaktari 2 muda wote, zamu za saa 12. Saa 24 × siku 7 × watu 2 = saa 336. Ongeza nusu saa ya kukabidhiana kwa kila zamu. Zamu za mtu mmoja mmoja ziko 28 kwa wiki, kwa hiyo saa 14. Jumla 350. Gawanya kwa saa 45 za wiki zilizo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, unapata 7.8. Hapo hakuna aliyekwenda likizo ya siku 28, hakuna aliyeugua wala aliye mafunzoni. Chukulia kila mtu anapatikana 85% ya muda: 7.8 ÷ 0.85 ni 9.2. Yaani madaktari 10, au 9 kwa kubana. Ukiwa nao 6, hizo 336 tupu zinampa kila mmoja saa 56 kwa wiki, na bado hujahesabu vikao vya asubuhi.

"Sisi tupo 5 tu." Sawa, basi usidanganye kwamba una zamu ya watu 2. Weka daktari 1 muda wote (saa 168) na wa pili aingie saa 9 alasiri hadi saa 5 usiku kila siku (saa 56). Jumla 224, gawanya kwa 5 ni 44.8. Inaingia kwenye sheria kwa unywele. Lakini akitoka mmoja likizo inakuwa 224 ÷ 4, na mko kwenye 56 tena. Ndiyo maana likizo za EMD huahirishwa mpaka mtu aanguke. Daktari wa 6 siyo anasa: likizo za watu 6 ni siku 168 kwa mwaka, karibu nusu mwaka mzima kuna mtu hayupo.

Hayo masaa ya zamu ya pili msiyachukue kwangu. Fungueni rejista ya siku 14, hesabuni wagonjwa walioingia kila saa, mkiwatenga wekundu (walio hatarini kufa sasa hivi) na wa njano (wanaoweza kusubiri kidogo). Zamu ya pili ikae palipo na kilima. Kuna hospitali zinaweka watu wengi asubuhi kwa sababu tu asubuhi ndiko viongozi wanapita.

Makosa ya rosta ninayoyaona sana ni usiku 5 au 7 mfululizo (usizidi 3, kisha saa 48 za kupumzika), zamu kurudi kinyume, yaani usiku, mchana, asubuhi, wakati mwili unakubali zaidi kwenda mbele, na rosta kubandikwa ukutani siku 2 kabla. Ibandikwe wiki 4 mapema. Mtu asiyejua kama atakuwepo kwenye send-ofu ya mdogo wake anaishi kama mfungwa wa dhamana. Halafu wekeni karatasi moja ya mwaka mzima ya nani alifanya Krismasi, Pasaka na Idd zote mbili. Ugomvi mwingi wa idara unaanzia hapo, siyo kwenye wagonjwa.

#3 Kirumba_Mwaloni

Nimeweka kigoda nasoma. Wabeja sana Mzee wa Rosta.

#4 Jiwe_la_Bismarck

Hesabu nzuri ila sheria hiyo ina mwanya wa dharura, na EMD ni dharura tupu. Mwajiri atakwambia hivyo.

#5 Mzee_wa_Rosta

Mwanya upo, mkuu, ila ni wa kazi ya dharura isiyoweza kufanywa saa za kawaida. Huo ni wa siku meli inapozama, siyo wa kila Jumamosi. Mgonjwa wa EMD hakuja kwa kushtukiza kwa idara. Idara ilijengwa ikimsubiri. Sheria hiyohiyo inataka mtu asizidi saa 12 kwa siku, saa za ziada zisipite 50 kwa kila wiki 4, apate mapumziko ya dakika 60 akishafanya kazi saa 5 mfululizo, na saa 12 kati ya siku na siku. Watumishi wa umma mna na kanuni zenu za utumishi, zisomeni sambamba.

#6 Sista_Igoma

Naomba niseme upande wa wauguzi, maana daktari akiishiwa, wa kwanza kujua ni sisi. Dalili haiwi machozi. Inakuwa lugha. Mgonjwa anaacha kuwa Mama Fulani anakuwa "kitanda cha 4", kisha "yule wa sumu", kisha "huyo". Mkiona daktari mpole ameanza kuwajibu ndugu bila kuinua macho kwenye faili, msisubiri fomu.

Sasa kuhusu vitanda. Mgonjwa akishaamuliwa kulazwa lakini amebaki EMD, daktari wa dharura anageuka daktari wa wodi iliyo koridoni. Anaandika dozi za wagonjwa 9 ambao si wake, huku mwekundu mpya anaingia mlangoni. Kinachosaidia:

Kwenye rejista ziwepo saa mbili, saa ya uamuzi wa kulaza na saa ya kutoka EMD. Bila saa hizo mbili, kwenye kikao mtakuwa mnalalamika tu. Mkiwa nazo mna ushahidi. Msimamizi wa hospitali azione kila asubuhi kwenye ripoti, zikiwa zimejumlishwa.

Timu ya wodi ikishapigiwa simu na kupokea mgonjwa kwa maneno, dawa zake zinaandikwa na wao hata kama kitanda bado. Na raundi yao ya asubuhi ianzie EMD kabla ya wodini. Hapa ndipo panapovunjika: wodi zinakubali kwenye kikao, usiku simu haipokelewi. Dawa yake ni jina moja la bingwa wa kupigiwa ngazi ya juu, limeandikwa kwenye rosta, na muda umewekwa. Dakika 30 zikipita bila jibu, simu inapanda. Siyo umbea, ni utaratibu.

Kingine ni sanduku la mgonjwa mwekundu. Kanula geji 16 na 18 mbilimbili, seti 2 za dripu, Ringa lita 2, adrenalini, glukosi ya 50%, artesuneti, diazepamu, magnesiamu, oksitosini, traneksamiki gramu 2, stripu za sukari, barakoa za oksijeni za mkubwa na za mtoto. Linafungwa kwa lakiri yenye namba. Likifunguliwa, linatumika kwanza, malipo au msamaha wa ustawi wa jamii baadaye. Linajazwa wakati wa kukabidhiana na wanaotoka, siyo na wanaoingia. Traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, mtu wa ajali anatakiwa aipate ndani ya saa 3 tangu kuumia. Saa 1 ikiishia kwenye foleni ya dirisha la malipo, daktari anaiona ikiisha kwa macho yake. Hilo ndilo linalomrudisha mtu nyumbani akiwa hana hamu ya kula.

Na chakula jamani. Gawanyeni ile saa 1 ya mapumziko iwe dakika 30 mara mbili, na jina la anayeshika nafasi liandikwe ubaoni. "Kapumzike kidogo" bila jina la wa kushika ni salamu tu.

#7 Jiwe_la_Bismarck

Sista umesema. Ila tusizunguke mbuyu, pesa ni pesa. Posho ya zamu ikicheleweshwa miezi, hata ukimpa mtu sanduku la dhahabu hatasikia. Na hilo neno wito ndilo linatumika kuwanyamazisha. Fundi bomba wa mamlaka ya maji akiitwa usiku halipwi kwa wito.

#8 Zamu_ya_Usiku

Nakubaliana nusu. Mwanasaikolojia Christina Maslach, ambaye dodoso lake la 1981 la kupima uchovu huu ndilo linalotumika zaidi duniani, na mwenzake Michael Leiter walitaja maeneo sita yanayovunja mtu kazini: wingi wa kazi, kukosa usemi, malipo na shukrani, uhusiano wa timu, haki, na maadili. Posho iliyochelewa inagusa mawili kwa mpigo, malipo na haki, hasa kama ofisi nyingine zimelipwa. Kwa hiyo siyo kitu kidogo. Lakini posho ikija kwa wakati na daktari bado anatazama mtu akifa kwa kukosa kitu cha elfu chache, utakuwa umemlipa vizuri mtu anayefungasha kuondoka.

Wito upo. Shida ni unapogeuzwa kuwa bajeti.

#9 Daftari_la_72

Naingia kwenye ile hoja ya mwisho wa hadithi, kwa sababu ina dawa rahisi na watu hawaitumii.

Nunueni kaunta buku moja. Kila zamu, daktari anachagua wagonjwa 3 aliowalaza, wasizidi 3. Anaandika namba ya faili (jina hapana), alichodhani ni nini, alichofanya saa ya kwanza, na swali moja analotaka kujua. Baada ya saa 72, mtu aliyepangiwa, kwa kawaida interni (daktari mpya aliye kwenye mafunzo ya vitendo) kwa zamu ya wiki, anapita wodini, theta na ICU na kujaza safu ya mwisho: utambuzi wa mwisho, yuko wapi, jibu la swali. Alhamisi asubuhi dakika 15 baada ya ripoti linasomwa.

Kwa nini 3? Kwa sababu kwa 10 litakufa wiki ya pili. Kwa nini saa 72? Mapema zaidi wodi yenyewe bado haijui, na ukichelewa sana mgonjwa kaondoka na faili liko masjala.

Linavyoharibika nimeona kwa njia tatu. Moja, linageuka daftari la makosa, bosi analitumia kuuliza "kwa nini hukuona hiki?" na kuanzia hapo watu wanaandika wagonjwa rahisi tu. Liendeshwe na mtu asiyeandika tathmini za watumishi. Mbili, vinaletwa vifo peke yake, kwa sababu vifo ndivyo vina vikao tayari. Wekeni sharti kwamba katika kila 3 awemo angalau 1 aliyetoka hai. Tatu, hakuna mwenye kazi ya kufuatilia, kila mtu anadhani ni mwingine.

Faida yake siyo kufurahishana. Mtoto aliyeletwa akiwa na malaria kali na degedege, sukari ikapimwa ikakutwa imeshuka, akapewa glukosi ndani ya dakika 5, siku ya 4 anatembea wodini akimsumbua mama yake. Daktari aliyempa glukosi asipoambiwa, kichwani kwake mtoto huyo bado anatetemeka kwenye kitanda cha EMD. Watu wanabeba wagonjwa waliopona miaka mingi kama vile walikufa.

#10 Nyakato_Buzuruga

Swali: na wale waliokufa kweli palepale? Hasa watoto. Timu ikimaliza kufufua bila mafanikio, dakika 5 zijazo kuna mwingine. Kinafanyika nini cha maana kwa muda huo?

#11 Sista_Igoma

Mdogo wangu, kwanza kimya. Anayeongoza akishatangaza saa ya kifo, mtu yeyote anaweza kuomba sekunde 30 za kusimama. Hakuna dua ya dini moja, kila mtu kimoyomoyo. Utaratibu huu ulianzishwa na muuguzi wa Marekani, Jonathan Bartels, na hauhitaji kitu chochote zaidi ya mtu mmoja wa kusema "tusimame kidogo".

Kisha mazungumzo ya dakika 5 hadi 10, chumba cha dawa au popote penye mlango, siyo koridoni ndugu wakisikia. Aongoze muuguzi wa zamu, asiongoze daktari aliyekuwa kichwani mwa mgonjwa. Maswali manne yanatosha: nini kimetokea, nini kilikwenda sawa, kifaa au hatua gani ilikwama, na nani hayuko sawa kuendelea sasa hivi. Lile la tatu liandikwe na liwe na jina la wa kulitatua, la sivyo mwezi ujao mtakuwa mnalilia ambubegi (mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa) ileile iliyotoboka.

Msilazimishe mtu kueleza hisia zake. Vile vikao vya lazima vya kumtaka kila mtu asimulie alichopitia, mara moja tu baada ya tukio, vilishachunguzwa. Havizuii madhara ya baadaye, na kwa baadhi vinaweza kuongeza. Anayetaka kunyamaza anyamaze. Mumwone tena baada ya siku 2 au 3.

#12 Daftari_la_72

Niongeze kuhusu kuwaambia ndugu, kwa sababu hapo ndipo daktari anapovunjika zaidi ya kwenye kifua cha mgonjwa. Msiseme "tumempoteza"; kuna ndugu atauliza amepotelea wapi, na ana haki. "Hali si nzuri" nayo inamfanya mtu akimbilie kutafuta hela ya kumhamisha. Tafuta viti, uliza majina na nani ni nani, muweke mkubwa wa familia awe karibu, baba mdogo, mjomba au shangazi, muuguzi akae upande wa mama. Sentensi mbili za kilichotokea, kisha neno lenyewe: "amefariki". Nyamaza. Usijaze ule ukimya kwa maelezo ya dawa. Familia ya Kiislamu itauliza mapema kuhusu kuchukua maiti. Karatasi ziandaliwe kabla ya kuulizwa.

Aliyetoa habari hiyo asipewe mgonjwa anayefuata kwa dakika 10. Kama mko wawili, mwenzake ashike. Ukiwa peke yako kwenye zamu, ambayo ndiyo hali ya hospitali nyingi za wilaya, basi dakika 3 za kunawa uso na maji ya kunywa, na muuguzi atangulie kwa anayefuata. Ni kidogo. Ndiyo iliyopo.

#13 Ukara_Boti

Na yale makubwa? Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 walikufa watu zaidi ya 220. Waliopokea miili nao ni watu.

#14 Mzee_wa_Rosta

Kwa tukio la namna hiyo panga watu kwa vipande vya saa 6 hadi 8, tangu siku ya kwanza, hata kama kila mtu anataka kubaki. Nusu ya timu irudishwe nyumbani saa ya 1, kwa amri, ndiyo watakaofanya kazi saa ya 10. Wanaotambua miili wasiwe ndio wanaopokea majeruhi. Dereva, mtu wa chumba cha maiti na wafanya usafi nao wahesabiwe. Hawa husahaulika kila mara. Wafuatiliwe wiki ya 4, siyo siku ya 3 tu wakati waandishi bado wapo.

Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la wagonjwa kutoka upande wa Sengerema na Geita halisubiri tena kivuko pale. Ile hesabu ya rejista ya siku 14 niliyosema, kama uliifanya kabla ya hapo, irudie.

#15 Nyakato_Buzuruga

Asanteni. Kuhusu kupima: idara ikitaka kujua iko wapi, itumie dodoso gani?

#16 Zamu_ya_Usiku

La Maslach lina maswali 22 ila matumizi yake yanalipiwa. La Copenhagen ni bure, maswali 19, limegawanyika uchovu wa mtu binafsi, wa kazi, na wa kuhudumia watu. Alama ni 0 hadi 100, na wengi huanza kushtuka kwenye 50.

Mtego wa kwanza ni Kiswahili. Ukiuliza "je, umechoka?" kila Mtanzania atajibu ndiyo, hata aliyetoka likizo, ni salamu. Ukiuliza "unawaona wagonjwa kama vitu?" hakuna atakayekubali. Tafsiri iulize tendo: "mara ngapi wiki hii umekwepa kuongea na ndugu wa mgonjwa ingawa ulikuwa na muda?"

Mtego wa pili ni siri. Idara ya watu 8, ukaweka umri, jinsia na kada, umeshamtaja mtu. Ondoa vyote vitatu. Karatasi zikusanywe na mtu wa nje ya idara, matokeo yatolewe ya jumla, na msipime kama hamna uwezo wa kubadili hata kitu kimoja ndani ya miezi 3. Kupima mara mbili bila kubadili chochote kunaongeza ile kejeli mnayoipima.

#17 Sista_Igoma

Na tutofautishe na sonona. Uchovu wa kazi mara nyingi unalegea ukiwa mbali na kazi. Sonona inakufuata hadi kisiwa cha Saanane ukiwa ufukweni na watoto, na hata sato wa kuchoma hana ladha. PHQ-9, dodoso la kupima sonona, ina maswali 9, alama 10 kwenda juu zinahitaji mtu wa kuziangalia. Swali la 9 la kutaka kufa au kujidhuru likijibiwa zaidi ya sifuri, hakuna kusubiri jumla: mtu asiachwe peke yake, aonwe siku hiyohiyo. Madaktari wana hatari ya ziada kwa sababu funguo za kabati la ketamini na pethidini, dawa za usingizi na maumivu makali, ziko mikononi mwao, na wanajiandikia diazepamu za usingizi. Kabati liwe na sahihi mbili, kwa wote, bila kumnyooshea mtu kidole. Na mtu aruhusiwe kutibiwa hospitali nyingine. Nani atakaa foleni ya afya ya akili mbele ya interni wake?

#18 Kirumba_Mwaloni

Swali dogo la mwisho. Usiku, kulala kidogo zamuni ni kosa au ni haki?

#19 Mzee_wa_Rosta

Ni usalama wa mgonjwa. Utafiti wa Australia wa 1997 ulionyesha mtu aliyekaa macho saa 17 anatenda kama mwenye pombe ya 0.05% kwenye damu. Dakika 20, kati ya saa 8 na saa 10 usiku, kwa zamu, simu ikiwa kwa mwenzako. Usipitishe 30, utaamka na kichwa kizito, na ukiamka jipe dakika 15 kabla ya kuandika dozi ya mtoto. Kahawa inywe kabla tu ya kulala hizo dakika 20, itaanza kazi ukiamka. Baada ya saa 10 usiku iache, kwa sababu yakipita masaa 5 hivi nusu yake bado iko mwilini na utaikuta kitandani asubuhi. Ukitoka, usiendeshe mwenyewe. Lala kabla jua halijapasha bati, dirisha likiwa na kitenge kizito mara mbili, na simu ya kikundi cha WhatsApp cha idara izimwe sauti.

#20 Jiwe_la_Bismarck

Hicho kikundi cha WhatsApp nacho kianzishiwe uzi wake.